Chakacha kwa matarumbeta: bendi ndogo inavyoshikanisha ya kale na ya sasa Mombasa

Hoja moja hurudi kila matarumbeta yanapopiga chakacha kwenye harusi hapa Mombasa: tarumbeta ni la Wazungu, chapuo, ile ngoma ndogo, ni letu, na anayevichanganya anaviharibu vyote viwili. Wengi wanaoisema wanaupenda mji huu kwa dhati, kwa hiyo si haki kuipuuza. Afadhali kuifumua. Ndani yake mna maswali mawili yaliyosukwa pamoja: kipi hasa ni cha kale na kipi ni cha sasa, na je, vinaposhikana, vinashikana wapi? La kwanza ni la historia, linajibika kwa miaka. La pili ni la ufundi, na huko ndiko kwenye utamu wenyewe.

Miaka kwanza. Ukimwuliza mtu wa pwani akutajie muziki wa asili, aghalabu ataanza na taarab. Taarab ya Zanzibar huhesabiwa tangu enzi ya Sultan Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888 na kumpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze ala. Chama cha Akhwani Safaa kiliundwa 1905. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi 1928. Sasa weka kando yake beni, ile ngoma ya maandamano yenye matarumbeta, gwaride, sare na vyeo vya kijeshi. Kufikia miaka ya 1890 beni ilikuwa imeshika Mombasa na Lamu. Na Barghash huyohuyo wa taarab alikuwa na bendi ya matarumbeta, wapigaji wake Wagoa, ikitumbuiza mbele ya jumba lake. Yaani matarumbeta na taarab ni marika. Ikiwa taarab imekaa hapa muda wa kutosha kuitwa yetu, sioni ni kwa kipimo gani beni inyimwe haki hiyo.

Beni ya Mombasa haikuwa mchezo mdogo. Mji uligawanyika vyama viwili vikubwa, Kingi na Skochi, na Skochi, kama jina lilivyo, waliiga vikosi vya Waskoti. Kila upande ulishona sare, ukapanga gwaride, ukaandaa karamu na kutunga nyimbo za kuuumbua upande wa pili. Mgeni aliyetazama aliona Waafrika wakiigiza wakoloni. Mwenyeji aliona kitu anachokijua tangu zamani: mtaa na mtaa wakishindana kwa ngoma, safari hii kwa vyombo vipya. Wanawake nao hawakukaa pembeni. Vyama vya lelemama vya mji huu, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, viliyachukua mambo mengi ya beni, ushindani, vyeo na maandamano, vikayatia katika ngoma yao. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipofika, askari wakaibeba beni hadi bara. Tanganyika ikawa na Marini na Arinoti. Malawi wakatengeneza pembe za vibuyu za kupigia miondoko ileile, na malipenga yao yapo hadi leo.

Na kabla ya beni? Pwani hii ilikuwa na siwa, baragumu kubwa za kupuliza. Ile ya Pate ni ya pembe za ndovu, ile ya Lamu ni ya shaba, na zote mbili zilikuwa alama ya utawala na za kupulizwa katika shughuli kubwa. Siwa hupulizwa kwa ubavuni, tarumbeta kwa nchani, lakini kinachotoa sauti ni kimoja: midomo inayotikisika mbele ya mrija mrefu wa hewa. Fundi wa Lamu aliyemimina shaba ya siwa ile hakuwa akingoja kufundishwa na bendi ya kijeshi kwamba chuma kinaweza kuimba.

Upande wa jazi, muziki mwingine uliozaliwa na matarumbeta ya kijeshi, hadithi inafanana kwa namna inayonigusa kila nikiifikiria. New Orleans ni mji wa bandari kama huu. Baada ya utumwa kukomeshwa Marekani, watu weusi wa mji ule walizishika ala za bendi za kijeshi, wakaziunganisha na vyama vyao vya kufa na kuzikana, na matarumbeta yakawa ndiyo yanayomsindikiza maiti makaburini na kuwarudisha walio hai nyumbani wakicheza. Kutoka mitaa ile ndiko jazi ilikotoka. Baadaye, mwaka 1977, Dirty Dozen Brass Band wakaifungua upya bendi ya mtaani kwa kuichanganya na miziki ya zama zao, na 1983 wakafuata Rebirth Brass Band. Barani kwetu, Gangbé Brass Band ya Benin, iliyoanzishwa 1994, imefanya kazi hiyo kwa midundo ya vodun, dini ya jadi ya huko. Kwa hiyo anayetaka kuunda bendi ya namna hii Mombasa hajaribu jambo la ajabu. Ana jirani wa kumtazama, na ana babu zake.

Tahadhari ndogo kuhusu jina. Msomaji wa umri fulani akisikia jazi atawakumbuka Shirati Jazz au Western Jazz. Hizo zilikuwa bendi za dansi, za magita, na zilibeba jina hilo kwa haki yao. Hapa ninazungumzia ile ya kubuni papo kwa papo juu ya wimbo unaojulikana, pigo likiyumbayumba kwa makusudi.

Sasa ufundi. Tuchukue bendi ya watu wanane, kwa sababu ukubwa huo ndio unaofaa. Kina tarumbeta wawili, tromboni, saksafoni, tuba ama suzafoni ya kuvaa mabegani, na watu watatu wa kupiga: mmoja ngoma kubwa yenye toazi, mmoja ngoma ndogo ya gwaride, mmoja chapuo. (Saksafoni, iliyosajiliwa na Adolphe Sax mjini Paris mwaka 1846, imeundwa kwa shaba lakini kiukoo ni ndugu wa zumari, maana inalia kwa ulimi wa mwanzi unaotikisika na si kwa midomo. Kwetu hilo ni muhimu, nitalirudia.) Hakuna spika, hakuna waya. Bango, muziki wa Mombasa ambao Mzee Ngala aliujenga juu ya saksafoni yake, kwa kawaida husimama juu ya kinanda na gita, na hivyo hudai jukwaa na umeme. Bendi ya shaba inatembea. Inaingia kwenye vichochoro vya Kibokoni, Mji wa Kale, ambako gari haliingii, na kuta za mawe ya matumbawe huirudisha sauti mpaka watu wanane wakasikika kama ishirini. Ukiongeza watu mle, huongezi muziki. Unaongeza kelele.

Watu hawa wanane wanagawana kazi gani? Hapa ndipo wengi wanapokosea, wakidhani kuchanganya ni kuweka chapuo kando ya tarumbeta. Chakacha ina mpangilio wake wa kazi tangu zamani. Vumi, ngoma kubwa, inashikilia chini. Chapuo inachokora juu. Msondo, ngoma ndefu ya mkono, unazungumza na wachezaji. Upatu, sahani ya shaba ya kugonga, unahesabu. Mmoja anatoa wimbo, wengine wanaitikia. Bendi ya New Orleans nayo ina mpangilio: tuba chini, ngoma mbili kati, tarumbeta inatoa wimbo, tromboni inajibu kwa kuteleza. Ukiiweka mipangilio miwili hii ubavu kwa ubavu, unagundua viti ni vilevile na wakaaji ndio tofauti. Tuba inaweza kukalia kiti cha vumi. Toazi, au pigo la ukingoni mwa ngoma ndogo, linakalia cha upatu. Tarumbeta ya kwanza inatoa, tromboni na saksafoni zinaitikia. Kiti cha msondo, cha kuongea na kiuno cha mchezaji, hakina mrithi wa shaba, na kwa maoni yangu kisitafutiwe. Mwache mpigaji wa ngoma ya mkono akikalie mwenyewe, na wengine wamsikilize yeye.

Kugawana viti kunakwenda vizuri mpaka ufike kwenye hesabu ya pigo. Hapo ndipo bendi nyingi changa hukwama, na wasikilizaji huhisi kuna kitu kimepinda bila kujua ni nini.

Gwaride hugawa pigo mara mbili: kushoto, kulia, na katikati ya kila hatua nusu yake. Mpuliza tarumbeta aliyelelewa kwenye bendi ya Jeshi la Wokovu, ambalo lipo Kenya tangu 1921, au bendi ya shule au ya askari, ana hesabu hiyo mwilini. Chakacha hugawa pigo mara tatu. Hesabu sita, kwa mwendo wa taratibu: moja mbili tatu, nne tano sita. Gonga mguu kwenye moja na nne. Hizo ni mbili. Sasa piga makofi kwenye moja, tatu na tano. Hizo ni tatu, ndani ya muda uleule. Mguu unasema mbili, mkono unasema tatu, na mvutano wa hivyo viwili ndio unaozungusha kiuno. Piga gwaride juu ya chakacha bila kujua hili, na nusu yake itaangukia mahali ambapo chakacha haina kitu. Ndiyo ile hali ya kupinda.

Jazi ndiyo inayotoa njia. Mdundo wa jazi ya kale, ule wa kuyumba, nao umejificha ndani ya tatu: kila pigo lina vipande vitatu, viwili vya kwanza vimeunganishwa na cha tatu kinaruka kuelekea pigo linalofuata. Kwa hiyo chakacha na jazi zinaweza kushiriki vipande vilevile, bila kubadilisha mwendo hata kidogo. Mpiga chapuo anaendelea kama alivyokuwa. Ngoma ndogo inaacha kusikika kwenye tano na kuanza kusisitiza vipande vya kurukia, yaani tatu na sita. Msikilizaji anahisi wimbo umevuka bahari, ilhali hakuna aliyeongeza wala kupunguza kasi. Nikisikia bendi ikivuka hivyo bila kushtuka, najua wamekaa pamoja muda mrefu.

Wapigaji wa New Orleans wana ujanja mwingine: hawagawi mara mbili kamili wala mara tatu kamili, wanalala katikati. Ngoma ndogo inakuwa gwaride lililolegea kidogo, na ndani ya ulegevu huo chakacha inapata nafasi. Ujanja huu haufundishiki kwa karatasi. Unakaa mkononi baada ya kumfuata mpiga chapuo kwa miezi.

Kuna na hesabu ya tatu, ya vipande vinane vilivyogawanywa tatu, tatu, mbili. Hiyo ni ya Kuba. Ilifika New Orleans kupitia bandari mapema sana. Jelly Roll Morton, mpiga piano wa New Orleans, akirekodiwa mwaka 1938 na mkusanyaji wa nyimbo Alan Lomax, alisisitiza kwamba bila ladha hiyo ya Kihispania jazi haijakolea. Kwetu ilifika kwa santuri za Kikuba zilizoanza kusambazwa Afrika miaka ya 1930, ikaingia kwenye dansi na baadaye kwenye bango. Ndiyo maana bendi ndogo ikitaka kutoka chakacha kwenda bango haihitaji daraja refu: tuba inaanza kuchapa tatu, tatu, mbili, na saksafoni inachukua wimbo.

Upande wa sauti una fundo lake. Nyimbo nyingi tunazozitaka kutoka taarab zimejengwa juu ya maqamu za Kiarabu, yaani ngazi za sauti, na baadhi ya maqamu zina sauti zinazokaa katikati ya noti mbili za kinanda. Maqamu iitwayo Rast ina noti yake ya tatu hapo katikati. Bayati ina ya pili. Tarumbeta ya kawaida ina vali tatu za kubonyeza kwa vidole: ya kwanza inashusha toni moja, ya pili nusu toni, ya tatu toni moja na nusu. Zichanganye upendavyo, robo toni, ile sauti ya katikati, haitoki. Nassim Maalouf, mpiga tarumbeta wa Lebanoni, alilitatua jambo hilo miaka ya 1960 kwa kuongeza vali ya nne, lakini tarumbeta za namna hiyo ni adimu.

Bendi ndogo ina njia tatu, na kila moja ina gharama. Inaweza kuchagua maqamu zisizo na robo toni: Nahawandi, Ajam, na hasa Hijazi yenye lile pengo pana linalotambulika mara moja hata kwa asiyejua jina lake. Hii ni njia salama, na ikitumiwa peke yake inafanya kila wimbo uwe Hijazi, masikio yakachoka. Njia ya pili ni kukunja sauti kwa midomo, jambo ambalo mpulizaji hodari anaweza kwa noti moja mbili za kuaga, lakini si kwa wimbo mzima. Ya tatu ndiyo ninayoipenda: mpe tromboni wimbo. Tromboni haina kizuizi cha vali. Mkono unavuta mrija na unaweza kusimama popote, kwenye Rast au Bayati, kama kidole kwenye fidla. Saksafoni nayo, kwa kuwa ni ya ukoo wa ulimi, hukunjika kwa urahisi. Kwa hiyo kwenye kipande cha Bayati tarumbeta zinyamaze, au zishike noti moja ndefu chini, wakubwa hao wawili waimbe.

Zumari ikiingia, sheria inageuka kabisa. Matundu yake hayakupimwa kwa kinanda, na mpigaji wake havunji pumzi: anavuta hewa kwa pua huku mashavu yakisukuma, wimbo haukatiki. Zumari haibadiliki kuifuata bendi, na haipaswi. Shaba ndiyo iifuate, kwa kuvuta mrija wa kurekebishia mpaka zipatane. Na ikiwa hakuna zumari lakini mnataka mwendo wake, tarumbeta mbili zinaweza kupokezana, ya pili ikiingia kabla ya kwanza haijaisha, msikilizaji asijue ni wapi mmoja alipumua.

Jambo moja la Mombasa ambalo mwalimu wa muziki kutoka nchi za baridi hawezi kukuambia ni hali ya hewa. Kadiri hewa iliyo ndani ya mrija inavyopata joto, ndivyo sauti ya shaba inavyopanda. Ngozi ya chapuo hufanya kinyume: unyevu wa bahari unaingia, ngozi inalegea, sauti inashuka. Bendi ikianza alasiri ya Februari, saa moja baadaye shaba imepanda na ngoma zimeshuka, na hakuna aliyekosea. Wazee wa ngoma walilijua tangu zamani, ndiyo maana huziota ngoma motoni au kuzianika kabla ya kupiga. Wapulizaji wajifunze kuvuta mirija yao wakati uleule ngoma zinapokwenda motoni. Na chumvi ya hewa hii hula shaba. Ala isiyofutwa na kutiwa mafuta vali zake hukwama katikati ya wimbo, mara nyingi bibi harusi akiwa mlangoni.

Bado kuna fundo ambalo si la masikio. Chakacha ni ngoma ya wanawake. Ni wanawake waliotunga nyimbo zake, wakazipigia ngoma zake, wakaicheza ndani ya harusi mahali ambapo wanaume hawakuwa na ruhusa ya kutazama. Maneno yake mengi yana maana ya juu na maana ya chini, na ile ya chini ni ya waliomo ndani. Tangu miaka ya 1970 bendi na waimbaji wameitoa jukwaani. Mwimbaji wa Mombasa Zuhura Swaleh aliitia kwenye taarab akiwa mwenyewe mwanamke, na bendi za hotelini zikaibeba kwa watalii. Wanaume wenye shaba wakiipiga katikati ya barabara, wanakitoa nje kitu cha ndani. Siamini kwamba hilo ni haramu kisanii. Naamini lina masharti. Wimbo ukichukuliwa kwa bibi fulani wa Majengo au Kisauni, atajwe, alipwe, na aulizwe ni beti zipi zipulizwe na zipi zibaki chumbani. Tarumbeta haitamki maneno, na wapo wanaojificha nyuma ya hilo, lakini wanawake waliosimama barazani wanayajua maneno kutoka noti ya kwanza. Bora zaidi ni kumweka mmoja wao ndani ya bendi, kwenye kile kiti cha msondo ambacho shaba haikuweza kukirithi.

Adabu ya njiani nayo ni sehemu ya ufundi. Mji wa Kale una misikiti karibu karibu, na maandamano hayapigi yakipita mlangoni pake, wala adhana ikiwa inaita. Bendi inayojua kazi hupanga nyimbo kwa kufuata njia: kipande kinaishia kabla ya msikiti, kingine kinaanzia baada yake, na ukimya wa katikati unahesabiwa miguuni ili pigo lirudi palepale lilipoachwa.

Anayetaka kujua kama mchanganyiko aliousikia umeshikana kweli au umepangwa tu kandokando, awaombe wapiga ngoma wote wanyamaze kwa dakika moja, shaba iendelee. Ikiwa kinachobaki ni gwaride lenye wimbo wa chakacha juu yake, ngoma zilikuwa pambo. Ikiwa tuba peke yake bado inasema mbili, tromboni inaitikia kwa tatu, na miguu ya watu barazani haijapotea njia, basi chakacha imo ndani ya shaba yenyewe, na chapuo likirudi litakuta mahali pake pamewekwa.